Nimeongeza RAM kutoka mbili hadi nne, mashine imeanza kuanguka. Tatizo ni nini hasa?

#1 Kasuku_Mweusi
Wakuu, heshima kwenu. Nina desktopu yenye prosesa ya AMD, Ryzen 7 7700, na RAM mbili za DDR5, kila moja GB 16, kwenye profaili ya EXPO (mpangilio wa kupandisha kasi ya RAM) ya 6000, yaani uhamisho milioni 6000 kwa sekunde. Ilikuwa imetulia toka siku ya kwanza. Kazi zangu ni kuhariri video na kufungua mashine pepe kadhaa kwa pamoja, GB 32 zikawa zinajaa. Nikanunua seti nyingine, modeli ileile, namba ileile, hadi stika rangi ileile. Nikajaza sloti zote nne.

Tangu hapo ni vurugu. Mara skrini ya bluu yenye MEMORY_MANAGEMENT, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, mara kivinjari kinajifunga bila kusema neno. Jana nimefungua faili la zip la kazi likaniambia limeharibika. Nikawasha mashine upya, faili lilelile likafunguka vizuri.

Nikitoa seti mpya, shwari. Nikitoa ya zamani nikaacha mpya, shwari pia. Zikikaa nne, balaa. Sasa kama kila seti peke yake ni nzima, ubovu unatoka wapi?

#2 Chui_Mvivu
Natia nanga. Nami nilikuwa mbioni kuongeza.

#3 Fundi_Waya
Pawasaplai imezidiwa hiyo mkuu. Vitu vimeongezeka, umeme ni uleule. Badilisha halafu uje utoe ushuhuda.

#4 NusuBiti
Fundi_Waya, hapana. RAM moja ya DDR5 inakula wati chache tu. Kadi ya picha ikishika kasi kwenye gemu inameza umeme mwingi kuliko RAM zote nne, na hajasema mashine inaanguka hapo. Tena DDR5 ina chipu ya kurekebisha umeme palepale kwenye RAM: inapokea volti 5 na kuzishusha yenyewe.

Mwenye uzi, fungua ukurasa wa AMD wa prosesa yako, tafuta kasi ya juu ya RAM. Familia ya 7000 imeandikiwa hivi: RAM mbili 5200, RAM nne 3600. Hakuna 6000 mahali popote. Wewe umejaza nne ukaziacha kwenye profaili ya 6000.

#5 Kasuku_Mweusi
Boksi limeandikwa 6000 na nimelipia 6000. Kwa hiyo nimeuziwa maneno?

#6 NusuBiti
Boksi linakuambia RAM inaweza. Halikuambii prosesa yako inaweza. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, upande wa AMD tangu Athlon 64 ya 2003, upande wa Intel tangu Nehalem ya 2008. EXPO na XMP (ile ya Intel) zote ni kupandisha kasi kupita kiwango. Kwa kuwa ni kubonyeza mara moja tu, watu wanadhani ndiyo kawaida.

#7 Bi_Saketi
NusuBiti ametaja kiwango, hajataja sababu. Ngoja niingie kwenye waya wenyewe.

Ubao wako una chaneli mbili (njia za prosesa kuzungumza na RAM), na kila chaneli ina sloti mbili. Sloti za chaneli moja hazina waya zake binafsi, zinachangia njia zilezile za data. Kwenye 6000, waya mmoja unapitisha biti bilioni 6 kwa sekunde, yaani kila biti ina pikosekunde 167 hivi za kusomeka. Kwa muda huo signali kwenye shaba ya ubao inatembea kama sentimita mbili na nusu. Kutoka prosesa hadi sloti ni mbali kuliko hapo. Kwa hiyo biti ya kwanza haijafika, ya pili na ya tatu zimeshaondoka, zote ziko njiani.

Sasa signali ikifika njia panda penye RAM nyingine, sehemu yake inakatiza kule, inagonga, inarudi. Ni kama kusema harakaharaka kwenye ukumbi mtupu, neno la pili linakutana na mwangwi wa la kwanza. Ukipunguza kasi, mwangwi unakufa kabla hujaendelea. Ndiyo maana waya zilezile na RAM zilezile zinaweza kupita 3600 na kukwama 6000.

Hapo bado sijagusa waya za amri na anwani. RAM yako ya GB 16 kwa kawaida ina chipu 8, na ukichomeka ya pili kidhibiti kinasukuma mzigo mara mbili. Kingo za signali zinakuwa butu, muda wa kusoma unapungua zaidi.

Hakuna kipande kibovu hapo. Shida ni mkusanyiko.

#8 Tausi07
Bi_Saketi leo kaamka vizuri. Sasa kama mbili zinatosha, mbona wanaweka sloti nne? Si waache mbili tu.

#9 Bi_Saketi
Mbao za sloti mbili zipo, na wanaowania rekodi za kasi hupenda hizo. Kwenye mbao nyingi za sloti nne, waya unapita sloti ya karibu ndipo unaishia ile ya mbali. Kwa sababu hiyo kitabu cha ubao kinakuelekeza kuanzia A2 na B2 (sloti ya pili ya kila chaneli) ukiwa na RAM mbili. Ukiziweka za karibu, kile kipande cha waya kinachobaki wazi mwishoni nacho kinarudisha signali. Zipo pia mbao zilizochorwa kwa umbo la T, sloti zote mbili umbali sawa. Hizo zinavumilia RAM nne vizuri zaidi, ila ukiwa na mbili hazifiki juu sana. Siku hizi ni nadra.

#10 Mzee_wa_Dosi
Jambo hili lina ndevu. Enzi za Pentium kulikuwa na chipseti (chipu kuu za ubao) ya Intel 430TX. Ubao ulipokea hadi MB 256, lakini kashe (memori ndogo ya kasi) ilihudumia MB 64 za kwanza tu. Unaongeza RAM, mashine inakuwa nzito kuliko mwanzo, maana Windows ilipenda kujipakia kuanzia anwani za juu, huko kusiko na kashe.

Ikaja Windows 98. Ukivuka MB 512 unaweza kuambiwa memori imeisha, na ndiyo kwanza umetoka kuongeza! Kisa kilikuwa Vcache, kashe ya faili ya Windows: inajitanua kufuata ukubwa wa RAM mpaka inamaliza nafasi ya anwani ya mfumo. Dawa yake ni mstari mmoja wa MaxFileCache ndani ya system.ini. Hapo hakuna shaba wala mwangwi, ni programu tupu. Msikimbilie waya kila mara.

#11 Fundi_Waya
Angalau Mzee tuko pamoja kwamba si waya.

#12 Mzee_wa_Dosi
Hatuko pamoja kwa lolote kijana.

#13 Tausi07
😂😂 Mzee akishafika Windows 98 mjue uzi utafika disketi.

#14 Mchimbaji_Data
Mnazunguka mbuyu. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: seti mbili tofauti, nani kawaambia zinafanana? Namba ya modeli ni ya kifurushi. Ndani mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu kati ya toleo na toleo, leo SK Hynix, kesho Samsung au Micron, stika ikabaki ileile. Taimingi (muda wa RAM kusubiri kati ya hatua) zile nne za kwenye boksi zitalingana, lakini nyuma yake kuna taimingi nyingine kibao zisizoandikwa popote, na kila chipu ina zake inazozipenda. BIOS (programu ya ubao inayowasha mashine) inalazimika kutafuta namba zitakazozifaa zote mbili. Wakati mwingine haizipati.

Seti huuzwa zikiwa zimepimwa pamoja. Seti mbili hazijawahi kupimwa pamoja na mtu yeyote.

Kasuku, fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD (taarifa za RAM yenyewe), angalia mtengenezaji wa DRAM, yaani chipu za RAM, kwa kila sloti.

#15 Kasuku_Mweusi
Nimeangalia. Za zamani SK Hynix. Mpya Samsung. Nimeishiwa nguvu.

#16 Mchimbaji_Data
Nimemaliza, wenye mwangwi waendelee.

#17 Bi_Saketi
Hujamaliza. Mpe nne zote za SK Hynix kutoka kiwanda kimoja siku moja, aziwashe kwa 6000 kwenye prosesa hiyo. Unaweka dau kwamba zitasimama? Mchanganyiko unazidisha tatizo, sikatai. Lakini kile kiwango cha 3600 cha AMD hakikuandikwa kwa ajili ya waliochanganya.

#18 Volti12
Mimi ninazo nne, seti mbili tofauti, DDR5, zinakimbia 6000 na zimetulia tuli. Kwa hiyo nadharia zenu zote mbili mimi nazipinga kwa vitendo.

#19 NusuBiti
Umepima na nini?

#20 Volti12
Gemu. Nacheza usiku kucha.

#21 NusuBiti
Gemu si kipimo. Biti moja ikigeuka ndani ya picha ya nyasi utaiona vipi? Biti hiyohiyo ikigeuka kwenye kiini cha Windows unapata skrini ya bluu, na ikigeuka kwenye faili unalohifadhi hupati kitu. Linakaa kwenye diski likiwa limeharibika, utajua mwakani. Tazama zip ya Kasuku: kwenye diski ilikuwa nzima, ila iliposomwa ikapita kwenye RAM na namba ya uhakiki ikakataa. Zip ina hesabu ya kujikagua, faili nyingi hazina.

Washa Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye flashi, kisha ukiwa ndani ya Windows piga TestMem5 au y-cruncher. Ukipita hapo uje utupinge.

#22 Volti12
Sina haja ya kutafuta ugonjwa nisioumwa.

#23 Chui_Mvivu
Mimi nasikia DDR5 zote zina ECC (ukaguzi wa makosa) ndani, kosa linajirekebisha. Hilo limekaaje?

#24 Mchimbaji_Data
Hiyo ECC inafanya kazi ndani ya chipu tu. Inarekebisha biti iliyogeuka ikiwa imehifadhiwa. Biti ikishatoka kwenye chipu kwenda kwa prosesa, huko njiani hakuna mlinzi. ECC kamili inahitaji RAM yenye chipu za ziada, na ubao na prosesa zinazoikubali. Seva kubwa zinaongeza na rejista katikati, inapokea waya za amri na anwani na kuzisukuma upya, ndiyo maana unaona seva ina RAM tele bila kelele. Msije mkazinunua kwa ajili ya desktopu lakini. Kwenye DDR5 mkato wa chini uko mahali tofauti, hazichomeki.

#25 Mkono_Mzito
Naona watu wamebobea ila hakuna aliyeuliza swali la kifundi. Kasuku, ulipoijaribu seti mpya peke yake, uliiweka sloti zipi?

#26 Kasuku_Mweusi
A2 na B2, kama kitabu kinavyosema. Seti zote mbili nilizijaribu hapohapo.

#27 Mkono_Mzito
Basi A1 na B1 hazijawahi kujaribiwa peke yake hata mara moja. Umepima RAM, hujapima sloti. Toka ubao uingie kwenye kasha sloti hizo zilikuwa tupu, zinakusanya vumbi. Nimekutana na hili kwa jamaa yangu mmoja: ukitazama sloti kwa tochi ya simu, kati ya meno ya dhahabu kulikuwa na uzi wa vumbi umelala kama unywele. Nikapuliza, nikasafisha meno ya RAM kwa pombe ya isopropili, mashine ikatulia.

Kingine ni feni ya prosesa. Ikikazwa upande mmoja zaidi ya mwingine, prosesa inakaa vibaya kwenye soketi, na pini zinazoguswa nusunusu zinaweza kuwa ndizo za chaneli ya RAM. Legeza zote, kisha kaza kwa kupishanisha kona.

#28 Bi_Saketi
Swali la Mkono_Mzito ni zuri kuliko yote ya uzi huu. Tahadhari moja: ukizijaribu A1 na B1 peke yake usitumie 6000. Ule waya unaobaki wazi utaleta makosa ya bure, na wewe utasingizia sloti. Zima EXPO, ziache kwenye kasi ya kawaida.

#29 Jotojoto
Na joto je? RAM nne zinabanana, hewa haipiti katikati, chini yake kadi ya picha inapuliza moto. DRAM inashika biti kama chaji ndogo kwenye kapasita, na kapasita inavuja. DDR5 inatakiwa kila safu ijazwe upya ndani ya milisekunde 32, na joto likivuka nyuzi 85 muda huo unapaswa kukatwa nusu. Wanaocheza na taimingi wanaurefusha ili wapate kasi, halafu wanashangaa makosa yanakuja baada ya nusu saa ya kurenda video, si mashine inapowaka. DDR5 ina kipimajoto, programu ya HWiNFO inakionyesha. Kasuku, kwako inaanguka ikiwa baridi au imeshachemka?

#30 Kasuku_Mweusi
Yote mawili. Kuna siku haikufika hata kwenye desktopu. Jambo jingine nililosahau kusema: nilipoziweka nne mara ya kwanza skrini ilikaa nyeusi muda mrefu hadi nikadhani imekufa.

#31 NusuBiti
Hiyo nyeusi ni kawaida. BIOS inajipima na RAM: inasogeza muda wa kusoma kidogokidogo, inajaribu volteji hii na ile, mpaka ipate katikati ya nafasi inayosomeka. RAM zikiwa nne kazi inarefuka. Kuna kipengele kinaitwa Memory Context Restore, kinahifadhi majibu ili mashine isijipime kila ikiwaka. Inawaka haraka, lakini inatumia vipimo vya siku nyingine. Kama nafasi ni finyu, vipimo vya jana vinaweza visifae leo. Kizime uone. Na BIOS yako ni toleo gani?

#32 Kasuku_Mweusi
Ni ile iliyokuja na ubao.

#33 NusuBiti
Isasishe kwanza. Mbao za AM5 (soketi ya prosesa yako) za mwanzo zilikuwa na AGESA (msimbo wa AMD ndani ya BIOS) changa sana upande wa RAM. Na iwapo mtu atakushauri upandishe volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM), kuwa na kiasi. Mwaka 2023 AMD ilitoa BIOS zinazoizuia isivuke volti 1.3 baada ya baadhi ya prosesa kuungua.

#34 Volti12
Nilitaka kushauri hivyohivyo 😅

#35 Laptopu_Moja
Samahani nachomekea. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 iliyogandishwa kwenye ubao, nikaongeza GB 8. Haijaanguka, ila gemu zinasuasua kwa namna ya ajabu, mara laini mara zinakwama. Ni hili hili?

#36 Mchimbaji_Data
Si hili. Ukubwa haulingani, kwa hiyo GB 8 za mwanzo, yaani 4 kwa 4, zinafanya kazi kwa chaneli mbili, na GB 4 zinazobaki zinakwenda kwa chaneli moja. Kadi ya picha ya ndani inatumia RAM hiyohiyo, inaonja pande zote mbili. Fungua uzi wako tukusaidie, na useme ni DDR ngapi. Kama ni ya zama za DDR3, hakikisha umenunua DDR3L ya volti 1.35, laptopu nyingi za wakati huo hazitaki ile ya 1.5.

#37 Kasuku_Mweusi
Mrejesho. Nimesasisha BIOS, nimepuliza sloti, nimekandamiza RAM hadi klipu zikalia.

Seti mpya peke yake kwenye A1 na B1, EXPO imezimwa: Memtest86+ imepita bila kosa. Zote nne kwenye 3600: imepita. Zote nne kwenye 4800: imekwenda saa nyingi nikaanza kushangilia, kisha likatokea kosa moja tu, biti moja. Nikazima Memory Context Restore nikarudia 4800, safari hii hakuna kosa, lakini asubuhi nilipoiamsha kutoka usingizini iliganda, panya hata haisogei.

#38 Bi_Saketi
Sloti zimepona kwenye lawama. 3600 inapita, 4800 inayumba, 6000 inaanguka. Huo ni mteremko wa signali, wazi kabisa.

#39 Mchimbaji_Data
Au ni mteremko wa chipu mbili zisizoelewana. Kasi ikishuka, zote mbili zinapata nafasi ya kuvumiliana. Majibu hayo hayatofautishi nadharia yangu na yako, usijipe ushindi.

#40 Mzee_wa_Dosi
Na kuganda baada ya usingizi? Wapi umeona shaba ikianguka kwa sababu imelala? Hapo mimi natazama draiva na BIOS.

#41 NusuBiti
Mzee, RAM ikilala inajihuisha yenyewe kwa kasi ndogo, kisha kidhibiti kinairudisha kwenye kasi kamili kwa vipimo vilivyohifadhiwa. Kama nafasi ni finyu, hapo ndipo pa kuteleza. Lakini kweli inaweza kuwa draiva.

#42 Mkono_Mzito
Na feni ya prosesa? Umeikaza upya?

#43 Kasuku_Mweusi
Bado. Natafuta grisi ya joto kwanza.

#44 Mkono_Mzito
Sloti hazijapona kwenye lawama basi. Soketi bado.

#45 Tausi07
Kwa nini usiuze zote nne ukanunua mbili za GB 32? Unapata GB 64 zilezile bila ugomvi.

#46 NusuBiti
Ndivyo ningefanya. Mbili za ranki mbili (chipu zimepangwa makundi mawili) bado zina 5200 rasmi kwenye prosesa yake, nne zina 3600. Ila kwa kazi ya mashine pepe, GB 64 za 3600 zina faida kuliko GB 32 za 6000 zinazojaa na kuanza kumwaga kwenye diski. Inategemea gemu anazicheza kiasi gani.

#47 Kasuku_Mweusi
Gemu sichezi kabisa. Nimerenda mradi uleule kwa 3600 na tofauti naiona ndogo. Nitaendesha kazi kwa 3600 kwanza. Mwisho wa wiki nikipata grisi nafungua feni, naangalia soketi, halafu najaribu 4400. Shukrani wakuu.

#48 Bi_Saketi
Ukijaribu 4400 na kosa likitokea, piga picha anwani na biti iliyogeuka. Kisha hamisha RAM, zile za A1 na B1 ziende A2 na B2, urudie. Kosa likihama na RAM, Mchimbaji ana hoja. Likibaki kwenye sloti, ana hoja Mkono_Mzito.

#49 Mchimbaji_Data
Na likitoweka?

#50 Volti12
Arudishe 6000 😂